Mkunga na Tumbo la Nge

Nge alitoka kwenye mkunjo wa mkeka, dukani kwangu Columbus, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Nilimfunika kwa kikombe cha chai. Mwingine angempiga kiatu yaishe. Mimi sikumpiga, maana katika kambi ya wakimbizi nilikaa jirani na mwanamke aliyetufundisha kwamba nge aliyepondwa hajibu swali, na mimi nilikuwa na swali.

Swali ni hili: ni dume au jike?

Usicheke. Mikeka ile ilitoka Tanzania, imefungwa pamoja na vinu na mifagio, ikakaa njiani muda mrefu, na nge anavumilia njaa kuliko mlokole aliyefunga. Akiwa dume, basi amekuja peke yake. Ametangatanga weee mpaka akajikuta Ohio, kama sisi wengine, na habari yake imeishia kwenye kikombe. Akiwa jike, tena tumbo limelegea, ameshazaa. Watoto wameshashuka mgongoni kwake na kutawanyika. Wako wapi? Kwenye mikeka iliyobaki. Kwenye magunia ya unga. Au kwenye mkeka niliomuuzia juzi Mama Kevini wa Gahanna, pembeni ya mji wetu, ambaye aliniambia kabisa, anacheka, kwamba anautaka kwa ajili ya mtoto wake anayeanza kutambaa.

Hapo jasho lilinitoka.

Ungeniuliza kwa nini sikumpigia Mama Kevini saa hiyo hiyo. Nitakujibu. Duka lile sikupewa na mtu. Shule niliiacha darasa la pili, nikabeba magunia ya watu, nikaosha maiti za magari kwenye karakana, nikanunua gari bovu, nikalitengeneza, nikaanza kuuza dagaa na mawese kutoka kwenye buti. Leo nina mlango wenye kengele. Sasa andika neno nge kwenye kundi la simu la kanisa, uone. Chakula cha mchana hakijaiva, habari imefika Louisville, jimbo jingine. Jioni wanakuja watu wa afya wa mji kubandika karatasi mlangoni. Nikajiambia: kwanza nijue. Mama wa watu usimtishe kwa jambo usilolijua. Na mtu wa kuniambia alikuwa mmoja tu, naye anakaa Buffalo, mwendo wa saa tano kwa gari. Siku hiyo hiyo nilikuwa na mzigo wa kupeleka huko.

Tulimwita Mkunga. Jina lake lipo, lakini hakupenda lizungushwe midomoni mwa watu, nami sitalizungusha hapa.

Kambini aliitwa kwa mambo mawili, kuzalisha na nge. Mwenyewe alisema ni kazi moja. "Unageuza, unaangalia chini, unasema dume au jike. Kilichobaki ni kelele za ndugu."

Nge akionekana katika nyumba, watu walikuwa na imani yao: ukimuua mmoja, mwenzake atakuja kumtafuta, kwa hiyo usilale mpaka umpate wa pili. Nimeona familia nzima imekaa nje kwenye baridi na blanketi, inamngoja mjane wa nge aje kulipiza kisasi. Mkunga aliwapita akawacheka. "Nge hana ndoa, ninyi! Yule mwanamume akishamaliza shughuli anakimbia, na asipokimbia haraka mke anamla. Mjane gani mnamngoja?" Lakini aliingia ndani hata hivyo, akatikisa matandiko yote, akainua mawe ya jikoni. Kwani alijua kitu cha kuogopa si kisasi. Ni uzazi.

Namna yake ya kufanya kazi nakumbuka mpaka leo. Alimbana nge kwa vijiti viwili, akamlaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha alichookota sijui wapi, akamfunika kwa kopo, halafu akainua kioo juu ya kichwa chake na kumtazama kwa chini, kama mtu anayetafuta tundu kwenye paa. Sisi tulirudi nyuma. Yeye alisogeza uso.

"Njooni muone, waoga. Hamtaki kujua kinachowauma?"

Alifundisha kwa ukali. Ukisema, "Huyu ni dume, ana magando makubwa," alikukatiza: magando hayaaminiki, kuna aina ambayo dume ana magando manene, kuna aina ambayo anayo membamba marefu kama koleo la mhunzi, na wewe hujui uliyenaye ni wa aina gani. Ukisema, "Huyu ana mkia mrefu," alikubali nusu. Dume mara nyingi mkia wake ni mrefu na mwembamba, na mwili umekonda. Jike ni mpana, mzito, amejaa kiunoni kama mama aliyejifunga vitenge vitatu. "Lakini dume aliyeshiba na jike mwenye njaa watakudanganya wote wawili. Mgongoni ndipo waongo wanapoangalia."

Ukweli, alisema, uko tumboni. Nyuma ya miguu ya mwisho nge ana vitana viwili, kimoja kila upande, anavyopapasia ardhi. Vitana vya dume ni virefu, meno yake mengi yamebanana, maana kazi yake ni kunusa njia ya mke. Vya jike ni vifupi, meno machache, na kati ya kitana na kitana pana nafasi pana. Hapo huhitaji shule. Unahitaji macho na shingo isiyokaza.

Mimi shingo yangu ilikaza. Nilimsikiliza nikiwa mlangoni.

Watu wake wa karibu watakuambia alikuwa na roho ngumu. Sibishi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kambini wakati wa mvua, na Mkunga ndiye aliyekuwa na mke wangu. Mimi nilikuwa nje nyuma ya turubai, nasikia kila kitu. Mke wangu akauliza, "Mtoto vipi? Mbona halii?" Wanawake wengine mle ndani wakaanza, pumzika kwanza mama, Mungu ni mwema mama. Mkunga akawanyamazisha. Akasema, "Amekufa, mwanangu. Mshike kabla hajapoa, umjue."

Nilimchukia. Nilimchukia kiasi kwamba nikimwona njiani nilivuka upande wa pili. Ilichukua muda mrefu, na binti yetu Neema kuzaliwa, na mke wangu mwenyewe kuniambia siku moja akichambua maharage, "Wale wengine walitaka nimkose mara mbili. Yeye alinipa." Tangu hapo sikumpita tena bila salamu. Lakini kumwogopa sikuacha.

Hakubahatisha, hilo ndilo neno lake. Wajawazito walimbembeleza awaambie wamebeba nini, wakamletea ndizi na sukari. Alikula ndizi. "Mtoto hajageuzwa bado. Rudi akitoka." Na huku Marekani hakubadilika. Tulipoletwa Louisville tukapangiwa jengo moja, yeye chini, sisi juu. Neema alipopata ujauzito, hospitali walimpa picha, wakamwambia wa kiume. Tukampelekea Mkunga picha, tunafurahi. Akairudisha bila kuiangalia vizuri. "Huyu ni wingu," akasema. Mtoto akazaliwa wa kiume, kama hospitali walivyosema. Tukamcheka. Hakuona haya hata kidogo.

"Nilisema si wa kiume? Nilisema sijui. Kusema sijui si kukosea, Baba Neema. Wewe hujawahi kujaribu, ndiyo maana."

Sasa mtu huyo huyo, aliyeshika nge kama wewe unavyoshika kitunguu, aliogopa mbwa waliovaa nguo. Akimwona mbwa ana koti, alipanda ngazi mbio. Aliogopa lifti, aliogopa king'ora cha moshi jikoni, na kwa sababu ya kile king'ora alikula viporo vya baridi wiki nzima. Alilicheka jiwe la nyoka, lile jiwe jeusi ambalo watu hubandika mahali walipoumwa. Alisema halinyonyi sumu, linanyonya pesa. Na alikuwa nalo! Alilifunga kwenye pindo la kitenge. Binti yake alipolikuta wakati wa kufua, Mkunga hakutafuta kisingizio. "Ni dawa ya woga, si ya sumu. Aliyeumwa na nge kwanza hufa kwa woga."

Kanisani aliimba sauti ya pili, kwa nguvu, na vibaya. Walimvumilia kwa heshima. Kwenye karamu ya kumuaga binti mmoja aliyekuwa anaolewa, pale pale Louisville, wanawake wakamwomba Mkunga naye ampe mwali neno. Mke wangu alikuwepo, akanisimulia huku machozi yanamtoka kwa kucheka. Mkunga alisimama akasema: "Mwanangu, nge dume anapomtaka mke humshika magando, wakacheza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka apate mahali pasafi. Mumeo akikushika mkono, mwangalie kwanza kama anajua anakokupeleka. Asipojua, usicheze. Akijua, cheza, lakini usimle. Huku mtaishi kwenye nyumba ya kupanga, utamhitaji." Mke wa mchungaji akakohoa. Shangazi wa bwana harusi akasema, "Huyu mama aketishwe." Hakuketishwa na mtu.

Nilipohamia Columbus kufungua duka, naye akaja nyuma yetu, kwa kuwa binti yake alipata kazi ghalani. Akawa anashinda dukani kwangu, kwenye kiti karibu na friji ya samaki. Alinifukuzia wateja. Mtu akiuliza kama muhogo ni mpya, kabla sijafungua mdomo yeye anasema, "Ulikuwa mpya." Tuligombana kila siku.

"Mama, unaniharibia biashara."

"Biashara inayoharibiwa na neno moja la kweli ilikuwa imeoza tayari."

"Basi nenda ukakae kwenye duka la mtu mwingine."

"Maduka mengine wana mbwa."

Kisha binti yake akapata kazi ya kulea wazee Buffalo, wakahama. Kiti sikukiondoa. Watu walidhani ni heshima. Ukweli ni kwamba nilizoea kuwa na mtu dukani ambaye nikipunja ananiona.

Kwa hiyo asubuhi ile ya nge nilimpigia. Nilimweleza yote, mkeka, Mama Kevini, mtoto. Nikamwambia namtumia picha.

"Picha haina tumbo."

"Nitampiga picha kwa chini, Mama. Nitamweka kwenye chupa ya kioo."

"Simu inaniumiza macho. Mlete."

Nilimhamishia kwenye chupa ya mayonezi iliyooshwa, nikatoboa kifuniko kwa msumari, nikaifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Neema akabaki kufunga chumba cha nyuma. "Baba, mpigie tu yule mama," aliniambia kwa Kiingereza, ambacho anakitumia akiwa ameniona mjinga. Nikamwambia nikifika Buffalo nitajua. Njia nzima nilimsikia yule mdudu akikwaruza kioo. Kila alipokwaruza nilimwona mtoto wa Gahanna ameweka kiganja sakafuni. Nilijaribu kuimba. Niliacha. Nikaendesha kwa kasi ambayo sitaitaja hapa.

Binti yake alinifungulia, amevaa sare za kazi, anatoka kwenda shifti. Akanong'ona, "Afadhali umekuja, anapenda wageni siku hizi." Sikumwelewa. Mkunga kupenda wageni?

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, amepungua, shingo imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Baba Neema. Umenenepa."

"Umejuaje, hata hujanitazama?"

"Sakafu imelia ulipoingia. Umemleta?"

Nikampa chupa. Akaishika kwa mikono miwili, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha. Nge alikuwa amejikunja chini, mkia umeinuliwa. Mkunga akaizungusha chupa polepole. Akaisogeza puani, karibu igusane na ngozi. Mimi nilikuwa nimesimama kama mtuhumiwa anayengoja hakimu.

"Ni dume," akasema.

Nikakaa kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa. Nikasema asante Mungu, asante Mama, nikasema maneno mengi ya kipumbavu.

"Mkia mrefu," akasema. "Mwembamba. Ni dume tu, huyo. Kalale, Baba Neema, umechoka. Naisikia pumzi yako. Duka lako zima, mtoto wa watu mzima. Yote ni mazima."

Alinishika mkono, akanipapasa kwa kidole gumba, namna wanawake wanavyompapasa mtu msibani. Tangu nimjue, hajawahi kunipapasa.

Hapo ndipo ubaridi ulipoanza kunishika, kuanzia mkononi. Nikaitazama chupa mapajani mwake. Alikuwa ameizungusha, ndiyo, lakini hakuiinua juu ya kichwa. Hakutazama chini. Alikuwa amesoma mgongo, na hata mgongo sijui kama aliusoma, maana niliposogea kumchukulia chupa macho yake yalibaki pale nilipokuwa nimesimama mwanzo.

"Mama," nikaanza.

"Nini?"

Nilikuwa na swali mdomoni. Nililirudisha. Mwanamke aliyemwambia mke wangu, "Amekufa, mwanangu," leo ameniambia kalale. Nilifikiri: kama nitamuuliza macho yake yakoje, atanijibu kweli, maana kumjibu mtu kweli ndiyo alivyo. Na akishanijibu, atabaki na nini hapa dirishani?

"Nashukuru, Mama. Nitakuletea dagaa safari ijayo."

"Lete wapya. Si wale wako."

Nilitoka hadi kwenye maegesho. Upepo wa ziwa ulikuwa unakata masikio. Nikasimama nyuma ya gari, nikafumba macho kwanza, halafu nikainua chupa juu ya kichwa changu na kuitazama kwa chini. Miaka yote nilisimama mlangoni. Shingo iliniuma. Nge alitambaa juu ya kioo, miguu yake imetawanyika, na tumbo lote likawa wazi juu ya uso wangu.

Vitana vilikuwa vifupi. Meno machache. Katikati pana nafasi ya wazi. Na ngozi ya ubavuni ilikuwa imekunjamana, imelegea, kama mfuko uliomwagwa kilichokuwamo.

Nikaweka chupa juu ya buti. Nikampigia Mama Kevini.

"Allo, Papa wa magazini!" Ndivyo anavyoniita mimi mwenye duka, kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa; sauti ya furaha, redio nyuma yake. "Bon, dagaa imefika?"

"Mama Kevini, ule mkeka uko wapi?"

"Mkeka? Iko hapa chini, ku salon, mbele ya televisheni. Sababu gani?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Iko nalala juu yake. Sasa hivi tu amelala, Papa, usinifanye nimwamshe, nimehangaika naye tangu..."

"Mwinue," nikasema. Nilisikia sauti yangu, haina bembelezo hata chembe. "Mkekani kuna nge, au kunaweza kuwa na nge. Nimekuuzia mimi. Vaa viatu kwanza. Mwinue, mkung'ute nguo, umweke mbali, juu ya meza. Usiweke simu chini."

Redio ikazimwa. Nikasikia viatu, nikasikia mtoto akianza kulia kwa hasira ya kuamshwa, analia kwa nguvu, na sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile. Akamkung'uta. Akamtazama miguu, mikono, shingo, akinitajia kila kiungo kwa pumzi fupi. Mzima. Donc mzima, Papa, mzima. Kisha nikamwambia akunje mkeka kwa fimbo ya ufagio, autupe nje uani na asiuguse tena, nami nakuja kuuchoma mwenyewe. Akanitukana. Alinitukana vizuri, kwa lugha mbili, na akaniambia kanisa zima litajua kabla jua halijazama.

"Liambie," nikasema. "Waambie wote walionunua mikeka. Anza na wa Westerville. Mimi nampigia Neema afunge duka na aite watu wa afya."

Alipokata, niligeuka. Mkunga alikuwa amesimama, ameshikilia fremu ya dirisha, amekuja kunisindikiza kwa macho. Alikuwa anapunga mkono, kwa furaha, kwa gari jekundu la jirani lililokuwa upande wa pili wa maegesho. Nikaingiza chupa garini taratibu, nikaenda nikasimama karibu na lile gari jekundu, na nikampungia.